Umehama nyumba? Hakikisha taarifa zako za mkopo hazikubaki nyuma

Familia ikihama, mambo ya kushughulikia ni mengi. Kuna godoro na kabati la kupakia, kuna uhamisho wa mtoto shuleni, kuna mwenye nyumba wa kurudishiwa funguo, kuna kuku wa kugawia majirani. Katika pilikapilika hizo, ni wachache wanaokumbuka kitu kimoja ambacho hakipandi kwenye gari: jina lao katika kumbukumbu za waliowakopesha.

Mara nyingi kitu hicho hukumbukwa siku mbaya. Mtoto amepata nafasi chuoni, ada inatakiwa ndani ya wiki mbili, mzazi anakwenda benki akiwa na barua ya mwajiri na kitambulisho cha taifa. Afisa mikopo anaangalia kompyuta, ananyamaza kidogo, kisha anasema: "Mzee, hapa inaonekana una deni ulilochelewesha." Mzazi anashangaa. Deni lipi tena? Akifuatilia anagundua ni salio la mkopo wa zamani aliodhani umekwisha kabla hajahama. Ujumbe wa kumkumbusha ulitumwa, tena zaidi ya mara moja, lakini ulikwenda kwenye laini ambayo hanayo tena.

Huenda deni lenyewe halifiki hata bei ya gunia la mkaa. Lakini limeshaandikwa, na kulisafisha kunachukua muda ambao ada haisubiri.

Kuhama ni sehemu ya maisha ya huku

Kidodi, wilayani Kilosa, iko kwenye barabara inayotoka Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara, jirani na milima ya Vidunda. Ni eneo la miwa, mpunga na mahindi, na kwa sababu ya mashamba na kiwanda cha sukari cha Kilombero, watu wa hapa ni wa kuja na kuondoka. Msimu wa kukata miwa unaleta vijana kutoka mikoa mingine. Kiwanda kikisimama wakati wa masika, wengine wanarudi kwao, wengine wanahamia Ruaha au Mikumi kutafuta biashara ndogo. Mwalimu anapangiwa kituo kingine, muuguzi anamfuata mwenzi wake Morogoro mjini, binti anaolewa Ifakara.

Wengine wanahama bila kutaka. Mafuriko yaliyoikumba Kilosa mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliwatoa maelfu ya watu kwenye nyumba zao, na wengi waliishi kwenye mahema kwa muda mrefu. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kukumbuka mkataba wa mkopo ulikuwa kwenye sanduku lipi.

Iwe umehama kwa furaha au kwa shida, deni linakufuata. Kinachobaki nyuma ni njia ya kukupata.

Nani anatunza habari zako

Wazazi wengi wanadhani mkopo ni siri kati yao na aliyewakopesha, ukimalizana naye yamekwisha. Sivyo ilivyo siku hizi. Benki Kuu ya Tanzania inaendesha kanzidata ya taarifa za wakopaji, na kanuni zake zilitungwa mwaka 2012. Benki hupeleka humo taarifa za wateja wao wenye mikopo. Taarifa hizo hutumiwa na kampuni binafsi zenye leseni ya Benki Kuu, ambazo huzipanga na kutengeneza ripoti ya kila mkopaji. Kampuni za kwanza kupata leseni hiyo nchini ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania.

Unapoomba mkopo mpya, mkopeshaji anaomba ripoti yako. Humo anaona majina yako, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho, namba za simu na anwani. Anaona pia mikopo uliyonayo, iliyokwisha, salio lililobaki, na kama ulichelewesha marejesho. Mkopo wa rafiki yako uliouwekea sahihi ya udhamini nao unaweza kuonekana.

Mikopo ya kwenye simu isikudanganye kwa udogo wake. M-Pawa, kwa mfano, iliyoanza mwaka 2014, inatolewa kwa ushirikiano wa kampuni ya simu na benki. Ukikopa Sh10,000 usiku kwa ajili ya dawa ya mtoto, nyuma ya simu yako kuna taasisi ya fedha inayoandika.

Ripoti hii si ya wadaiwa sugu peke yao. Mama aliyekopa akarudisha kwa wakati mara tano ana historia nzuri, na historia nzuri ni mali kama shamba. Inamsaidia kupata mkopo mkubwa zaidi na kuepuka mikopo ile tunayoiita kausha damu, inayomfanya mtu aweke rehani hadi kadi ya benki. Ndiyo maana inafaa kuitunza unapohama, kama unavyotunza cheti cha kuzaliwa cha mtoto.

Kwetu, namba ndiyo anwani

Nchini Uingereza, kampuni za taarifa za mikopo hutumia daftari la wapiga kura kuthibitisha kwamba mtu anaishi pale anaposema anaishi. Ndugu zetu walioko huko wanajua kwamba ukihama bila kubadilisha anwani, unaweza kukataliwa hata mkataba wa simu.

Hapa kwetu mambo ni tofauti kidogo. Kwa miaka mingi anwani ya mkopaji wa kijijini iliandikwa "jirani na msikiti" au "nyuma ya mashine ya kusaga". Operesheni ya Anwani za Makazi, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 8, 2022, ikafuatiwa na Sensa ya Agosti 23 mwaka huo huo, ilileta namba za nyumba na majina ya mitaa hadi vijijini. Lakini mikataba mingi ya zamani bado ina anwani za mtindo ule wa zamani, na sanduku la posta la shule au la kanisa ambalo mkopaji hakuwahi kulifungua.

Kinachomtambulisha Mtanzania kwa mkopeshaji ni vitu viwili. Cha kwanza ni namba ya kitambulisho cha taifa, ile ya NIDA yenye tarakimu 20, ambayo nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa. Namba hii haibadiliki hata ukihama mara kumi. Cha pili ni namba ya simu, na hii ndiyo inayobadilika mara kwa mara kuliko kitu kingine chochote nyumbani.

Kwa hiyo familia inapohama, namba ya NIDA inahakikisha deni linakufuata popote. Namba ya simu uliyoitupa inahakikisha hutaambiwa. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Mahali taarifa zinapoharibikia

Kuhama kwenyewe hakuharibu historia ya mtu. Kinachoharibu ni mambo yanayokatika wakati wa kuhama.

La kwanza ni laini ya simu. Mtu anafika sehemu mpya, anakuta mtandao wake haushiki vizuri, ananunua laini nyingine. Ile ya zamani inakaa kwenye droo, baada ya muda inafungwa, na namba inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine kabisa. Ujumbe wa benki unaendelea kwenda huko. Mbali na kukosa kumbukumbusho, mambo yako ya fedha yanasomwa na mgeni.

La pili ni njia ya marejesho. Chukua mfano wa mkulima wa miwa aliyekopa pembejeo kupitia chama cha ushirika, kwa makubaliano kwamba deni litakatwa kwenye malipo ya miwa. Anahamia Mikumi kufungua duka na shamba analikodisha. Msimu unafika, miwa inapelekwa kiwandani kwa jina la aliyekodi, malipo yanaingia kwa huyo. Hakuna cha kukata. Mkulima yuko Mikumi akiamini miwa inalipa, kumbe deni limesimama na riba inapanda.

Mfano mwingine ni mwalimu mwenye mkopo unaokatwa kwenye mshahara. Akihamishwa halmashauri au akibadilisha mwajiri, inaweza kutokea mwezi mmoja au miwili makato yasipite. Yeye anaona mshahara umeongezeka kidogo, anafurahi, anaununulia watoto viatu. Kwenye mfumo wa benki, hiyo ni miezi miwili ya kuchelewa, na imeandikwa kwa jina lake.

La tatu ni mdhamini. Ukihama na simu haipatikani, anayetafutwa ni kaka, shemeji au rafiki aliyeweka sahihi. Wengi huku wameacha kusalimiana kwa sababu hii. Mdhamini naye ana watoto wa kusomesha, na doa lako linaweza kumzuia yeye kukopa.

La nne ni majina. Kuhama mara nyingi huendana na ndoa. Binti alifungua akaunti kwa jina la baba, akakopa kwenye SACCOS kwa jina la mume, na kwenye kitambulisho majina yako katika mpangilio mwingine. Kwetu ambako kina Asha Juma ni wengi katika wilaya moja, majina yasiyolingana yanaweza kugawanya historia ya mtu mmoja vipande viwili, au kumbandika deni la mwenziwe. Dawa yake ni kuhakikisha kila mkopeshaji ana namba yako ya NIDA iliyoandikwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu.

La tano ni kikundi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mkopo ni wa kikundi chote, kwa hiyo mama anayehama Kidodi akiwa bado mwanachama anaacha sehemu yake ya deni mabegani mwa wenzake. Kabla ya kuondoka, kikundi kikae, kiandike muhtasari unaoonyesha amelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani na atakilipaje, kisha ofisa maendeleo ya jamii wa kata apewe nakala.

Deni la mmoja, hasara ya nyumba nzima

Jambo hili si la mume peke yake wala la mke peke yake. Katika nyumba nyingi mmoja anakopa, mwingine anajua juu juu tu. Baba anakwenda kufanya kazi Dar es Salaam au Dodoma, mama anabaki Kidodi na watoto. Barua ikija kijijini anaipokea mama, haelewi inahusu nini, anaiweka juu ya kabati. Baba akirudi Krismasi imeshapita miezi minne.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani. Ina maana kwamba aliyeweka sahihi ya ridhaa ana haki na sababu ya kujua mkopo unaendeleaje. Familia ikihama, mkopeshaji apewe namba za simu za wote wawili.

Hata wanandoa wanaotengana wasisahau hili. Anayehama nyumba akiwa na hasira huondoka na nguo na simu, lakini mkopo waliochukua pamoja unabaki na majina mawili. Kila mmoja akimtegea mwenziwe, ripoti za wote wawili zinachafuka.

Kabla gari halijaja kubeba vyombo

Tenga jioni moja, kaeni mkiwa na daftari. Andikeni kila mkopo ulio hai: wa benki, wa SACCOS, wa ushirika, wa simu, wa kikundi, na kila mkopo wa mtu mwingine mlioudhamini. Mbele ya kila mmoja andikeni salio, tarehe ya marejesho na namba ya mkataba.

Kisha nenda kwa kila mkopeshaji, au piga simu kwenye namba iliyoandikwa kwenye mkataba, utoe taarifa ya kuhama. Kusema kwa mdomo kwa wakala wa mtaani hakutoshi, kwa sababu wakala anaweka na kutoa fedha, hashiki faili lako. Andika barua fupi yenye majina kama yalivyo kwenye kitambulisho, namba ya NIDA, namba ya akaunti au mkataba, makazi ya zamani, makazi mapya na namba ya simu. Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji au mtaa unaohamia itasaidia utakapofika.

Kama mkopo unakwisha karibuni, ni afadhali kuumaliza kabla ya kuondoka. Ukishamaliza, omba barua ya kuthibitisha kwamba huna deni. Risiti ya marejesho ya mwisho pekee haitoshi, kwa sababu inaweza kubaki riba ya siku chache au faini ndogo usiyoiona. Barua ya kumaliza deni ndiyo inayosema sifuri.

Kama ni mkopo wa miwa na shamba unalikodisha, makubaliano ya kukodisha yaseme wazi nani analipa deni la pembejeo, na uongozi wa chama upewe nakala kabla ya msimu kuanza.

Laini ya zamani usiitupe. Ibaki hai angalau mpaka kila mkopeshaji athibitishe kwamba amebadilisha namba. Piga *106# uangalie ni laini zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa kampuni ya simu uiripoti, kwa maana mtu anaweza kukopa kwa laini hiyo na deni likasoma jina lako.

Baada ya kufika

Mwezi wa kwanza na wa pili ndiyo wa kuangalia kwa makini. Kama unakatwa kwenye mshahara, soma hati ya mshahara mstari kwa mstari. Makato yasipoonekana, usifurahie. Nenda benki ulipe mwenyewe kwa mwezi huo, utunze risiti, kisha ufuatilie kwa mwajiri. Kama unalipa kwa simu, hakikisha kumbukumbu namba ni ya mkopo wako.

Miezi mitatu baada ya kuhama, omba ripoti yako ya mikopo. Ni haki ya mkopaji kujua kilichoandikwa juu yake, na huna haja ya kusubiri mpaka unyimwe mkopo. Unaweza kuwasiliana na kampuni za taarifa za mikopo moja kwa moja, ukiulizia utaratibu na gharama, au kuanzia kwenye tawi la benki yako ukaomba afisa mikopo akuelekeze. Ripoti ikifika, angalia mambo haya:

Je, majina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya NIDA ni vyako, bila kukosea hata tarakimu moja?

Je, namba ya simu ni unayoitumia sasa?

Je, kila mkopo uliomo uliuchukua kweli?

Je, mikopo uliyomaliza imeandikwa kwamba imekwisha, na salio ni sifuri?

Je, kuna mkopo uliodhamini unaocheleweshwa bila wewe kujua?

Anwani ya zamani kuonekana kwenye ripoti si doa. Inaonyesha tu ulikopita. Doa ni salio lisilo la kweli, tarehe za kuchelewa zisizo za kweli, na deni lisilo lako.

Ukikuta kosa

Anza kwa aliyepeleka taarifa, yaani mkopeshaji. Kampuni ya taarifa za mikopo haikukopesha wala haijui ulilipa lini, inaandika inacholetewa. Peleka malalamiko kwa maandishi, ukiambatanisha risiti, barua ya kumaliza deni, taarifa ya akaunti au ujumbe wa muamala. Taja kosa moja moja: "Mkopo namba fulani uliisha tarehe fulani, lakini unaonekana una salio." Malalamiko ya jumla kama "mmeniharibia jina" hayamsaidii mtu kutafuta faili. Nakala iende kwa kampuni iliyotoa ripoti, ijue kwamba taarifa hiyo inapingwa.

Ukizungushwa, hatua inayofuata ni Benki Kuu, ambayo ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha. Itakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa mkopeshaji na ukajibiwa nini, kwa hiyo ile nakala yenye mhuri ni muhimu. Morogoro hakuna tawi la Benki Kuu. Kwa mtu wa Kidodi, ofisi za Dodoma na Dar es Salaam ndizo zinazofikika kwa basi, lakini barua haihitaji nauli ya mtu.

Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zisizo sahihi zirekebishwe, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kusimamia haki hiyo.

Lakini tuwe wakweli. Kurekebisha kosa ni jambo moja, kufuta ukweli ni jambo jingine. Kama ulikopa na hukulipa, barua haitaliondoa deni. Dawa ni kwenda kwa mkopeshaji, kukubaliana utaratibu wa kulipa, kulipa, kisha kuhakikisha amepeleka taarifa kwamba umemaliza. Atakayekuambia anaweza "kukusafisha kwenye mfumo" kwa ada ndogo, akitaka na namba yako ya siri, ni tapeli. Mkatie simu.

Jirani zetu Wakenya wamepita hapa. Mikopo ya simu ilipoenea, watu wengi walijikuta wameorodheshwa kwa madeni madogo, mpaka mwaka 2020 Benki Kuu ya nchi hiyo ikazuia kuorodheshwa kwa anayedaiwa chini ya Sh1,000 za huko. Hapa kwetu usitegemee udogo wa deni kukuokoa. Lilipe liishe.

Jihadhari pia na unakokopa ukiwa mgeni mahali. Mtu aliyehama, asiye na ndugu wala kikoba jirani, ndiye anayeshawishika na mikopo ya mitandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Mkopo wa namna hiyo haukujengei historia yoyote nzuri, na wengi wanajua aibu ya kutumiwa ujumbe kwa kila mtu aliye kwenye simu yao.

Kwa kijana anayetoka nyumbani

Mzazi mwenye mtoto aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ana jambo moja zaidi la kumkumbusha. Mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi mpaka deni liishe. Kijana anapomaliza chuo huhama mara tatu au nne kabla hajatulia: kwa rafiki Dar es Salaam, kwa mjomba Mbeya, kurudi Kidodi kulima, kisha kazi ya mkataba mahali pengine. Taarifa alizojaza chuoni zina simu na anwani ya miaka ile, na mara nyingi namba ya mzazi au mdhamini ndiyo inayobaki hewani.

Mwambie ahakikishe Bodi ina namba yake ya sasa na kwamba mwajiri mpya anajua ana mkopo. Mwambie pia kwamba mkopo wake wa kwanza wa simu, hata wa Sh5,000, unaweza kuwa ndio ukurasa wa kwanza wa historia yake ya fedha. Atakapotaka kujenga, kuoa au kununua bodaboda ya biashara, ukurasa huo utasomwa.

Daftari lile mlilolianza kabla ya kuhama lisitupwe baada ya vyombo kupangwa. Liwekwe pamoja na vyeti vya watoto, hati ya shamba na kadi za kliniki, kwenye mfuko usioingia maji. Kila mwaka mpya kabla ya shule kufunguliwa, lifungueni: mkopo gani umekwisha, barua yake iko wapi, nani amebadilisha simu, nani hajaambiwa. Kazi hiyo haizidi nusu saa, na inawaachia nafasi ya kukopa siku ambayo ada ya mtoto itahitaji mkopo kweli.